Mrija Hauachwi Peke Yake

Jumatatu, 3 Machi

Mrija wa mtambo wa kemikali umeziba tena. Chai ya asubuhi haijashuka tumboni! Nimeupuliza, nimeugongagonga, nimeutukana – wapi. Ndani chumvi imeshikana kama sukari iliyopata unyevu.

Bosi kapita, mikono mfukoni. Kasema wakubwa wa makao makuu wanakuja wiki ijayo. Mrija ukienda zamu nzima mbele yao bila kuziba, mtambo ni wangu: zamu za mchana tu, na nyumba ndogo ya kampuni. Nikauliza, na mtoto naruhusiwa kukaa naye? Akacheka. Kwani nyumba ni ya nini?

Toka hapo sina akili nyingine. Mwanangu, nyumba moja na mimi! Zamu za usiku ndizo zilizonifanya nimpeleke kwa Dada.

Jumanne, 4 Machi

Nimempigia Dada. Mtoto kapewa simu, kasema, "Shikamoo, Mama Mdogo."

Watoto wa Dada wananiita hivyo, ni haki yao. Lakini huyu nimemzaa mimi! Dada kamkaripia, sema Mama. Akasema Mama – kama anauliza. Dada anadai nisijali, ni mtoto, anafuata wenzake.

Nisijali! Nimelia mpaka macho yamevimba. Nimemkumbuka, basi.

Ijumaa, 7 Machi

Leo nusura nimrukie Mzee Pipa. Fundi mzuri, ananiita binti yake, ila amezeekea kwenye mapipa. Pipani unamimina kemikali zako mbili, unaweka barafu nje, unakoroga kutwa. Ukichoka unazima, unakwenda kula. Nusu inaungua, unapata uji mweusi, unashukuru.

Mrija si hivyo. Pampu mbili zinasukuma, kemikali zinakutana humo ndani kidogo kidogo, joto linatoka upesi, na upande wa pili kinadondoka kitu safi. Bado si dawa, ila bila hicho dawa haitengenezeki. Na kabla ya kuzima lazima upitishe kimiminika kitupu kisicho na kemikali, uusuuze. Yeye saa ya chakula ilipofika kazima tu, kama anazima jiko! Tumerudi – jiwe.

Pole binti yangu, kasema, mkono umezoea. Kweli mazoea yana tabu. Nimetupa mrija, nimefunga mpya, sijaongea na mtu hadi jioni.

Jumapili, 9 Machi

Nimefua. Nimeipanga ile nyumba kichwani, kitanda chake dirishani. Halafu nikapita dukani kuangalia viatu. Muuzaji kauliza namba ngapi. Sijui! Mguu wa mwanangu siujui. Nimetoka bila kitu.

Jumatano, 12 Machi

Nimepata! Nilikuwa naosha vioo vya maabara kwenye lile beseni la mtetemo. Unatumbukiza chombo, linavuma kama nyuki, uchafu unabanduka wenyewe. Nikasimama, povu mpaka kwenye viwiko. Kama uchafu haushiki humo, chumvi itashikaje?

Nikauzamisha mrija wote kwenye beseni, nikawasha pampu. Mchana kutwa – haukuziba! Na pale tulipozoea kuambulia nusu, leo karibu kila tulichotia kimetoka kizuri. Mzee Pipa kacheka mpaka kashika kiuno: kumbe ulitaka kuogeshwa, huyu!

Nimempigia Dada. Nakuja kumchukua, nikamwambia. Akasema: sawa, ni wako. Sauti ile naijua, alikuwa anajikaza. Dada yangu ananipenda, na ninamnyang'anya. Lakini nifanyeje? Namtaka mwanangu.

Ijumaa, 14 Machi

Wakubwa wamekuja. Mrija unakwenda vizuri tangu asubuhi, wanatikisa vichwa, wanaandika. Sasa Bosi kawapeleka chai. Naandika nimeegemea meza, jicho moja kwenye geji ya presha.

Simu ya ukutani imelia. Mlinzi wa getini. Una wageni, kasema, dada yako na mwanawe.

Na mwanawe! Wangu huyo, si wake.

Wanapita tu, wanakwenda kwa wakwe za Dada. Basi limesimama abiria wale, Dada kamkimbiza mtoto aje anione. Getini hawaruhusiwi kupita. Nikasema nakuja. Mdomo ulisema wenyewe.

Geji imepanda kidogo. Ndivyo kunavyoanza kuziba – unapunguza pampu moja kwa mkono, taratibu, huku unasikiliza. Mzee Pipa kasema nenda binti yangu, nitashika mimi. Kidole chake kiko juu ya swichi ya kuzima. Si hiyo, mzee wangu!

Nimepunguza. Imeshuka. Imepanda tena. Nikiondoka, nyumba imekwenda. Nisipoondoka, atapanda basi hajaniona, na mimi simjui hata amefika wapi kwa urefu. Ee Mungu, ningekuwa wawili!

Wakubwa wanarudi, namsikia Bosi ngazini anacheka nao.

Simu tena. Mzee Pipa kanisogezea, waya umenyooka mpaka mwisho. Nilidhani ni mlinzi.

"Uko humo ndani?"

Sauti imekua! Nikasema nimo.

"Toka basi. Basi linapiga honi."

Mzee Pipa ananitazama. Geji inapanda. Glavu moja nimeshaivua.