Shamba Langu, Rufaa Yangu

Jumatatu, 3 Machi
Nimepalilia tangu asubuhi. Baraza la ardhi lilishasema shamba hili ni la Chacha, mdogo wa marehemu mume wangu. Mahindi hayana habari. Rufaa yangu iko Mahakama Kuu, Musoma, na mimi sihami. Gati, mke wangu niliyemwoa kimila anizalie baada ya mume kufa bila kuniachia mtoto, ana mimba. Chacha anasema nyumba ya wanawake peke yao haina shamba. Ajaribu kutung'oa.

Alhamisi, 6 Machi
Nimekasirika. Nilishawapanga wazee waende Musoma kunitetea. Wakili wangu, binti wa msaada wa kisheria, kanikatalia.

"Mama, jaji hasikilizi mashahidi upya. Anasoma yaliyoandikwa barazani, aone kama mwenyekiti alikosea."

Karatasi itaonaje mpaka? Nikamwambia hata mwenyekiti alipokuja kijijini kwetu Genkuru kukagua shamba, sikuitwa. Nilikuwa kisimani. Akaacha kuandika, akanitazama. Kwa nini sikusema mapema? Sikuona cha kusema. Huku kwetu wanaume ndio huonyesha mipaka.

Jumatano, 12 Machi
Musoma. Joto. Wakili alisema kwenye kumbukumbu za ukaguzi jina langu halimo. Jaji akamwuliza Chacha kama niliitwa. Akajibu kifua mbele: "Mheshimiwa, kwetu mwanamke haonyeshi mpaka."

Jaji akaandika, akaandika. Nilitaka kucheka, nikajibana.

Ijumaa, 28 Machi
Uamuzi wa baraza umefutwa. Lakini shamba sijapewa. Kesi inaanza upya, mbele ya mwenyekiti mwingine, na ukaguzi ufanyike sote tukiwepo. Chacha kanifuata stendi kunitambia: hujashinda, shemeji. Kweli. Na yeye hana tena hukumu ya kutembea nayo vilabuni. Nimechoka. Nina hasira. Wakitaka nianze upya mara kumi, nitaanza.

Jumapili, 15 Juni
Gati kajifungua. Msichana. Chacha hajaja kuona mtoto. Vizuri.

Jumanne, 19 Agosti
Mwenyekiti mpya amekuja shambani. Chacha akatangulia kama alivyozoea. Akaambiwa asubiri zamu yake.

"Mama, tuonyeshe."

Wazee wote macho kwangu. Gati alinisindikiza hadi kwenye mkonge wa kwanza wa mpakani, mtoto mgongoni, akabaki hapo. Niliutembea mpaka mzima, mkonge kwa mkonge, hadi kwenye kaburi la mume wangu. Hukumu bado.

Hakuna aliyenisimamisha.