Tundu la Koti la Rubani

Alhamisi. Mvua ya rasharasha tangu asubuhi, mtaa wote wa Kilburn, huku ugenini, umelowa, na mimi nimenuna tu.

Nimeharibu. Acha niandike hivyo hivyo kabla sijaanza kujitetea.

Miaka tisa nakunja pindo za suruali hapa nyuma ya duka la dobi, mimi niliyekuwa fundi wa kutajwa Mombasa. Mwezi jana akaingia Helen, mama wa makumbusho fulani madogo, na koti la rubani wa zamani, wa zile ndege za kwanza za kubeba barua. Ndege zenyewe hazikuwa na paa, kwa hiyo koti ni ngozi nzito, ndani manyoya ya kondoo, ukosi wa kufunika masikio. Alitaka nishone bitana hiyo ya manyoya iliyofumuka, basi. Nikifanya vizuri ataniletea kofia, glavu na suruali za marubani hao. Kazi ya mwaka mzima. Kazi ya fundi! Nilimpigia dada simu nikipiga vigelegele.

Lakini mkono wa kushoto wa koti ulikuwa na tundu la kuungua, kubwa kama kiganja. Karatasi ya maagizo aliyoniachia Helen ilisema nisiguse kitu kingine.

Niliisoma.

Nikaona ni adabu tu za Wazungu, hawapendi kusumbua mtu. Marehemu baba alinifunza kwamba nguo ya mteja haitoki mkononi mwako na tundu, ni aibu. Nikakata kingo zilizoungua, nikatia kiraka cha ngozi ya rangi ileile. Siku tatu. Yaani nilimhurumia rubani na baridi ile. Keshakufa zamani, baridi itampata wapi?

Leo Helen kaja. Akapapasa mkono wa koti, akaugeuza, akapapasa tena.

"Tundu liko wapi?"

Nikamwonyesha, natabasamu, mjinga mimi. Akakaa chini. Akaniambia ndege ilianguka ikashika moto, na rubani aliungua hapo akitoa magunia ya barua. Koti lilikuwa liwekwe kwenye kabati la vioo kwa ajili ya tundu lile.

"Na vile vipande ulivyokata?"

Vilikwenda na taka Jumatatu.

Hakunigombeza. Bora angenigombeza! Alikunja koti, akasema kofia, glavu na suruali atampa mtu mwingine, akaniaga kwa heshima.

Roho inaniuma, na wa kumlaumu simpati ila mimi. Lakini yule mama, ambaye kazi yake ni kutazama nguo, alilitafuta tundu kwa vidole vyote kumi akalikosa. Kesho nitamwandikia samahani. Nitaandika kila kitu, ila sitaweza kuandika kwamba ilikuwa kazi mbaya.