Sauti ya Mke, Sauti ya Bosi

Moscow, Machi 9

Dada Taisia,

Soksi nimezipata, ahsante, ingawa kwa macho haya yanayofifia rangi siioni tena. Najua unataka kunihamishia kwako Tula. Subiri. Jana nilipotea kwenye treni ya chini ya ardhi, nikaanza kuwatukana wahandisi wote. Mama mmoja akanikatiza:

"We baba, nyamaza usikilize! Akitangaza vituo mwanamume, unaenda katikati ya mji, bosi anakuita. Akitangaza mwanamke, unatoka mjini, mkeo anakuita nyumbani."

"Sina mke."

"Kwa mdomo huo, nani angekaa?"

Behewa zima likacheka, nami nikacheka. Miaka thelathini nabishana na kila sauti ya mji huu; jana niliitii moja, nikafika mlangoni kwangu peke yangu. Namshukuru mno mama yule. Usije kunichukua, dada. Njoo tunywe chai tu.

Mdogo wako mbishi,
Gleb