Maelezo Kuhusu Rawan, Aliyekwenda Kumrejesha Bibi Yake

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha Polisi, Maskati. 18 Januari 2025

Jina: Suud bin Humam
Umri: miaka 73
Kazi: mwalimu mstaafu wa historia
Makazi: Mabela

Nimekuja kwa hiari yangu kumsemea dereva wa teksi, Shihab, anayeshikiliwa kwa tuhuma ya kumwiba mjukuu wangu Rawan, mwenye miaka kumi. Hakumwiba. Mwenye makosa ni mimi.

Mke wangu Masouda alifariki tarehe 9 Desemba. Kwetu watoto wa kike hawendi makaburini. Rawan aliliona jeneza likitoka mlangoni, basi. Tangu siku hiyo kila baada ya Alasiri alitaka hadithi, nami mzee mpumbavu nikamsimulia ile niliyosomeshwa skuli Unguja, ya kijana wa Kigiriki aliyeteremka nchi ya wafu kumrejesha mkewe, huko mlangoni kuna mbwa wa vichwa vitatu, hatulii mpaka apewe kitu kitamu. Nilikuwa najiliwaza mwenyewe. Nikisimulia, nayaona madirisha ya darasa letu, na Masouda anapita chini na buibui lake jipya, anajifanya hanioni.

Rawan akaniuliza mlango huo uko wapi. Nikamtania, "Labda lile shimo kubwa la Bimma lenye ngazi za kuteremkia, njia ya kwenda Sur."

Leo Jumamosi, saa tatu asubuhi, hakuwapo nyumbani. Tulimtafuta kwa majirani wote. Saa tano nikafungua kabati, kopo la visheti halimo. Ni visheti vya mwisho alivyokaanga Masouda, na nyumba nzima hakuna aliyethubutu kuvimaliza. Hapo nikajua kavichukua vya kumtuliza mbwa. Nikawapigia simu polisi, nikawaambia Bimma.

Alipanda basi mpaka Ruwi, njia aliyozoea kwenda na bibi yake. Hapo akamwambia Shihab kwamba bibi anamngoja Bimma na ndiye atakayelipa. Walipofika Shihab hakuona bibi yeyote, lakini hakumwacha mtoto. Askari waliwakuta saa saba wamekaa kwenye ngazi za shimo, Rawan analia, dereva ana kisheti mkononi. Kapewa na Rawan, kwa kuwa alikuwa hajala tangu asubuhi.

Hapa kituoni Rawan kaniambia, "Babu, mbwa hayupo. Maji tu, na watu wanaogelea."

Kisha akaniuliza, "Weye ulimwona Bibi alipoingia?"

Nikamwambia, "Nilimwona. Nilimteremsha kwa mikono yangu."

"Sasa mbona ulirudi peke yako?"

Nna miaka arobaini ya kujibu maswali ya watoto wa watu. Hili naomba liandikwe kama alivyoliuliza.

Sina zaidi ya hayo. Nimesomewa niliyoyasema, nayakubali. Namwomba Shihab anisamehe.

Saini: Suud bin Humam

Maelezo haya nimeyaandika mimi, Sajini Hadeel, kwa Kiswahili kama yalivyotolewa, saa kumi na dakika arobaini alasiri. Dereva ameachiwa. Kopo amekabidhiwa shahidi likiwa na visheti vitano. Kabla ya kuondoka, shahidi na mtoto walikaa kwenye benchi la nje wakavila vyote.