Wanasema Naficha Gunia la Ngano

Mpendwa mshauri,

Naomba unisaidie kabla mwezi haujaisha, maana usingizi umenitoka. Mimi nina mtoto mmoja, bado ananyonya, nauza maandazi nje ya geti la bandari hapa Mtwara, na ngano unajua ilivyoadimika, duka la ushirika wanatugawia kibaba kimoja kwa wiki, sasa mimi kibaba hicho nachanganya na unga wa makopa, ile mihogo mikavu anayoniletea mama kutoka Kitaya, natia tui la nazi, yanatoka laini wala mtu hajui. Niliogopa kusema ni muhogo, watu si wanauita chakula cha njaa, basi mpagazi mmoja, Bakari, aliponiuliza, "Dada, wenzio wote wamefunga biashara, wewe ngano waitoa wapi?" nikajitia ujanja nikamjibu, "Nina pangu pa kupatia." Wapagazi wenzake wakacheka. Neno hilo limenigeukia. Agnes, mpishi wa mgahawa wa ushirika, ambaye wateja wake wamehamia kwangu, anatangaza, "Mlanguzi yule, ana gunia uvunguni!" na siku hizi za msako wa wahujumu uchumi, jirani yetu alichukuliwa na gari la polisi, hajarudi. Balozi wetu wa nyumba kumi, Mzee Shabani, amesema mwisho wa mwezi anakuja na mgambo kupekua. Mume wangu anataka nitupe makopa na unga wake wote baharini, anasema mgambo wakiuona watadai ni ngano. Nikisema kweli wateja watanikimbia, nikinyamaza nitafungwa, na huyu mtoto atanyonya wapi? Lakini kazi hii naipenda, mshauri, naona ingeweza kukua.

Mama mwenye hofu, Mtwara

Mama mwenye hofu,

Pole sana, mwanangu. Lakini nani alikutuma kujigamba? Hukuiba, hukulangua, umeficha muhogo, Mtwara hii hii ya mihogo! Na mumeo mwambie asithubutu: mkionekana mnatupa unga, nani ataamini haukuwa ngano?

Usingoje kupekuliwa. Mwendee balozi wewe, pamoja na mumeo, mbebe kinu, makopa na kile kibaba. Twanga mbele yake, kaanga, ale. Kisha getini uyaite kwa jina lake, maandazi ya muhogo. Watakucheka, wengine wataondoka. Wenye njaa watarudi, kwa sababu wewe una cha kuuza siku ambayo ngano haipo. Agnes akitaka kujifunza, mfundishe, nawe uombe kuingia kikundi cha akina mama upate kibali cha kuuza. Mshinde kwa upishi, si kwa siri.

Nenda kesho asubuhi. Ukimkuta balozi hajaamka, kaa mlangoni umsubiri. Usirudi nyumbani.