Kimea Ulichoniachia

Beltsville, Novemba 1998

Baba Neema mpenzi,

Leo nimefungua kopo la kimea cha mwisho ulichosaga. Lilikuwa kabatini tangu tukuzike, na sikuthubutu kuligusa.

Unakumbuka ule ulezi wa kwanza, wa duka la Wahindi kule Langley Park? Uliulowesha, ukautandaza juu ya taulo ndani ya beseni la kuogea mpaka ukachipua, nasi tukaoga kwa ndoo, Marekani hii. Nilikuwa na mimba, kila ninachokula kinarudi, na ulisema togwa, uji wa kimea hicho, ndiyo itakayonituliza.

Mara ya kwanza ulitia kimea kwenye uji unaochemka, huku ukibishana mambo ya mpira kwenye simu. Tukangoja. Uji ukabaki mzito vilevile. Ukanieleza, kwa sura ya msibani, kwamba ndani ya kimea mna vimeng'enya vinavyovunja wanga kuwa sukari, na moto ule umeviua. Nikakuuliza matanga tuweke ya siku ngapi. Ulicheka mpaka ukakaa sakafuni.

Mara ya pili uliupoza uji mno, dirishani, theluji ikianguka nje. Safari hii havijafa, ulisema, vimelala tu. Ukaurudishia joto kidogo. Nilipotaka kukamulia ndimu ukanishika mkono.

"Subiri, mama. Ukali ukiwahi, vinashindwa kazi. Ndimu mwishoni."

Hukuwahi kuniita mama kabla ya hapo. Shajara yangu ya siku ile ina mstari mmoja tu: Nimekunywa, haikurudi.

Sasa Neema anaota magego na amegoma kula. Uji mzito anautema. Nikiuzimua, anashiba maji, na nesi wa kliniki anasema uzito umesimama. Ndipo nikalikumbuka kopo. Kimea kilitosha sufuria moja. Niliogopa kukiunguza, maana ni kazi ya mwisho ya mikono yako. Niliogopa zaidi kwamba huenda kimeshakufa chenyewe humo koponi.

Nilipika uji mzito, nikauacha upoe. Nikatia kidole kama ulivyokuwa ukifanya. Kilipovumilia, nikamimina kimea chote, kwa kuwa ulisema kikiwa kingi kazi huenda haraka. Nikakoroga. Mwiko ulikuwa mzito mkononi, kisha ukaanza kulegea. Neema bado analia, uji tayari unatiririka. Nikaonja: mtamu, na sukari sikuweka.

Nilisimama pale jikoni nikakuita kwa jina lako.

Kisha nikauchemsha tena, kwa ajili ya tumbo la mtoto. Nilijua vimeng'enya vyako vinakufa sasa, lakini kazi yao vilikuwa vimeshaimaliza. Neema alikunywa kikombe chote, akakigonga mezani akitaka tena.

Kopo nimeliosha. Jumamosi naenda Langley Park kununua ulezi. Beseni litajaa, na binti yako ataonja kuoga kwa ndoo.

Pumzika, mpenzi. Tunakula.

Mama Neema