Bakuli la Kabula

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba. Barua yako imenifikia hapa Butimba. Mpunga tumevuna, mama yako anakohoa kidogo.

Unauliza kama ugonjwa wa mdogo wangu Kabula uliletwa na virusi, maana mwalimu wenu wa udaktari anasema wataalamu bado wanabishana. Miaka ile ya tisini daktari alituambia hivyo hivyo: chembechembe za kinga zimemgeuka, zinakula mifupa yake, huenda kuna kirusi, hana hakika.

Sisi tulishika neno kirusi. Siku hizo za Ukimwi tulikuwa tunazika kila wiki. Nyumbani tulizoea kula ugali sahani moja, lakini jioni ile tulipotoka hospitali nilimpakulia Kabula peke yake, kwenye bakuli la bati. Mama aliniona, akanawa, akaanza kula.

Kabula alikuwa na miaka tisa. Alikula, akaliosha mwenyewe, akaliweka chini, mbali na kichanja cha vyombo vyetu. Akafanya hivyo kila siku mpaka mikono ikakosa nguvu.

Wakigundua chanzo, niandikie. Ila yule daktari alisema pia kwamba ugonjwa ule hauambukizi kwa kula pamoja, na mimi nilimsikia.

Bibi yako